Tarakimu Moja Kwenye Lebo

Watoto wa mtaa walimwita Mkato, na jina hilo alilitolea jasho. Kutoka shuleni hadi zahanati kulikuwa na barabara nzuri, pana, yenye mitaro pande zote mbili, na watu wazima waliipita kila siku bila kulalamika. Msichana huyu wa miaka kumi na mitatu hakuwa na habari nayo. Yeye alizunguka nyuma ya vyoo vya shule, akaruka mtaro, akainama chini ya kamba za nguo za watu, kisha akapenya kwenye tundu la ua ambalo mbwa fulani alilianzisha na yeye akalimalizia. Wenzake walisema kwamba siku milango ya mbinguni itakapofunguliwa, watu watapanga foleni tangu alfajiri, na wakiingia watamkuta Mkato ameshakaa, amepitia dirishani.

Tundu lile lilimtoa moja kwa moja uani kwa fundi cherehani.

"Shikamoo, mama," alisema siku hiyo, akijikung'uta majani.

"Marahaba. Hilo ua langu siku hizi lina mlango ambao sikuujenga." Fundi hakuinua macho kwenye kitambaa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, na mguu wake ulikanyaga cherehani hata alipokuwa anamsema mtu. "Soksi zako zinanuka mtaro. Pita haraka kabla nguo za wateja hazijashika harufu."

Mkato alicheka, lakini kabla ya kupita alitupa jicho ukutani, kama ilivyokuwa desturi yake. Nyuma ya cherehani kulikuwa na mistari iliyochorwa kwa chaki ya kitambaa, imepangwa kumikumi. Fundi alikuwa na kifafa. Zamani alikuwa akianguka popote, sokoni, jikoni, mara moja hata kanisani katikati ya harusi ya watu, na juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na kovu la siku zile. Kisha alipata dawa iliyomfaa, vidonge vinne kwa siku, viwili asubuhi na viwili jioni. Tangu hapo, kila mwezi uliopita bila kuanguka aliuchorea mstari.

"Imefika mingapi?"

"Sabini na mmoja. Mwezi ujao inatimia sabini na miwili, yaani miaka sita kamili. Siku hiyo nitakushonea sketi mpya, ili hao mbwa unaoshirikiana nao njia wajue kwamba wewe ni mtoto wa watu."

Kutoka pale hadi zahanati zilikuwa hatua hamsini. Baba yake Mkato alikuwa mfamasia wa zahanati hiyo. Alikaa kwenye dirisha la dawa kuanzia asubuhi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ilisimama yenyewe. Nyuma ya dirisha hilo kulikuwa na chumba kidogo cha kompyuta, na humo ndimo alimofanya kazi dada yake baba, shangazi yake Mkato, aliyeandika programu zote za zahanati.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe. Ilipowashwa ilikohoa, ikakoroma, kisha ikatulia kama mtu aliyekata tamaa. Baba alidai kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango aliusikia mlio ule, akainuka, akabisha hodi na kuipa pole. Mashine ya kuchapa lebo za dawa ilikuwa kongwe zaidi, ila hiyo haikukohoa. Iling'ata karatasi.

Mwezi huo shangazi alikuwa na mkono wa kulia ndani ya plasta ngumu. Kila aliyemwuliza alipewa sababu yake: mmoja aliambiwa ni ngazi, mwingine ni ngamia, wa tatu ni mchumba aliyekataliwa. Ukweli ni kwamba aliteleza bafuni. Kwa vile hakuweza kuandika, alimkalisha Mkato mbele ya kibodi kila alasiri, akasema maneno ya msimbo, yaani maagizo ya programu, na Mkato akayachapa. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa hachapi tu. Alikuwa anaelewa.

"Programu hii ina ghorofa mbili," shangazi alimwambia alasiri hiyo. "Kule juu tunaandika kwa lugha ya wastaarabu. Ukikosea, inakusimamisha, inakuonyesha mstari, maisha yanaendelea. Lakini hili zee letu la kuchapa lebo halisikii lugha hiyo. Kwa hiyo nimeandika kipande cha chini, kwa lugha iliyo karibu na chuma chenyewe. Kati ya ghorofa hizo mbili nimeacha kidirisha, na maneno ya lebo yanapitishwa hapo."

"Yanapitishwaje?"

"Kwa kompyuta, kila andiko ni mfuatano wa herufi. Herufi moja, inayofuata, inayofuata, zimefungwa pamoja kama kifurushi. Juu ya kifurushi pameandikwa urefu wake, na idadi ya wanaokitumia. Sasa hapa ndipo unisikilize, acha kuchungulia dirishani. Kompyuta haipendi kurudia kazi. Wagonjwa mia wakiandikiwa 'Vidonge: 4 kwa siku', haiandiki maneno hayo mara mia. Inaandika mara moja tu. Wote mia wanaelekezwa pale pale, na inaweka hesabu pembeni: hiki kinatumiwa na mia, kisitupwe."

Mkato alifikiri. "Kama ubao wa darasani. Sisi ni arobaini na ubao ni mmoja."

"Umenena. Na ukitaka kubadili neno kwa ajili yako peke yako?"

"Nanakili kwenye daftari langu, nabadili humo."

"Hapo hapo. Kule juu ukijaribu kufuta ubao wa wote, lugha inakukatalia. Huku chini hakuna mwalimu wa zamu. Ukisema futa, inafuta, wala haikuulizi wewe ni nani. Ndiyo maana kifurushi kilichopitishwa kidirishani nasema kimeazimwa. Unakisoma, hukichori. Ukitaka kibadilike, unaomba nakala, unabadili nakala, unarudisha hiyo."

Kisha shangazi akampa kazi yake ya kwanza peke yake. Wagonjwa ambao figo zao zimechoka, daktari aliandika neno "nusu" pembeni ya majina yao, na Baba alilazimika kusahihisha lebo zao kwa kalamu. Shangazi alitaka kipande cha chini kifanye hivyo chenyewe: kikiona "nusu", kichukue andiko la dozi, kigawanye tarakimu kwa mbili.

Mkato alianza vizuri. Lakini kuomba nakala kulikuwa na mlolongo wake. Unapima urefu, unaomba nafasi, unahakikisha nafasi imepatikana, unanakili, unabadili, unarudisha, unarekebisha hesabu ya watumiaji. Alichapa mistari mitatu, mashine ikamlalamikia. Akaifuta, akaanza tena. Nje alisikia wenzake wakiruka kamba na kumwita kwa mluzi.

Akatazama lile andiko. "Vidonge: 4 kwa siku." Kilichotakiwa kubadilika ni tarakimu moja. Nne iwe mbili, urefu ule ule, nafasi ile ile. Kulikuwa na njia ya mstari mmoja: nenda mpaka kwenye tarakimu yenyewe, ndani ya kifurushi kilichoazimwa, uandike juu yake.

Aliandika mstari huo mmoja. Akatengeneza mgonjwa wa majaribio, akamwekea "nusu", akachapa. Lebo ikatoka: Vidonge: 2 kwa siku. Safi, bila kalamu, bila mkwaruzo.

Shangazi alikuwa amempa kisogo, anatafuta dawa ya maumivu kwenye mkoba kwa mkono mmoja. "Imekubali?"

"Imekubali."

"Umeomba nakala?"

Lilikuwa swali dogo, na mluzi ulipigwa tena nje.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukahakikisha imepatikana?"

"Ndiyo."

"Mtoto wa kaka yangu," shangazi alisema kwa furaha, akameza kidonge chake. "Haya, kimbia kabla hawajakata hiyo kamba."

*

Wiki tatu baadaye, Mkato alipenya kwenye tundu la ua na akagundua kwamba cherehani haisikiki.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Majirani walikuwa wamejazana ndani, wote wameinama, na hewani kulikuwa na harufu ya kuungua ambayo haikuwa ya kitambaa. Fundi alikuwa sakafuni, ubavu kwa ubavu na meza ya kupigia pasi. Kifafa kilimkuta akiwa ameishika pasi. Alipoanguka ilianguka naye, na mkono wake wa kulia ulikaa chini yake muda ambao hakuna aliyeweza kuukadiria, kwa sababu hakukuwa na mtu.

Baba alifika akikimbia, koti lake linapepea. Aliwaondoa watu, akapiga magoti, akaanza kumwagia maji mkono taratibu. Mkato hakuwahi kuona uso wa baba yake umekuwa hivyo. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na alipogeuka akaona mistari ya chaki. Sabini na mmoja.

Kwenye rafu kando ya mistari hiyo kulikuwa na kichupa cha dawa. Akakichukua. Kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu, ingawa mwezi ulikuwa unakaribia mwisho. Lebo ilichapwa vizuri, herufi nyeusi zimenyooka.

Vidonge: 2 kwa siku.

Fundi alipopata fahamu, kabla gari la wagonjwa halijaja, alizungumza kama mtu aliyetoka usingizini. "Zimebaki nyingi mwezi huu," alimwambia Baba. "Nilisoma karatasi yako, nikasema kumbe daktari amenipunguzia. Nilifurahi, baba. Nikasema basi, napona."

Baba alikipokea kichupa kutoka mkononi mwa binti yake. Akasoma. Akasoma tena.

Siku mbili baadaye alikuja mkaguzi, mtu wa maneno machache na kalamu nyingi, tano mfukoni na moja sikioni. Alifika zahanati ilipofunguliwa tu. Shangazi aliiwasha kompyuta mbele yake, akaita jina la fundi, akachapa lebo. Vidonge: 4 kwa siku. Akachapa nyingine, na nyingine. Mara kumi, na mara zote kumi ilitoka nne.

"Mashine ni nzima," mkaguzi alisema. "Basi kosa ni la vidole. Nani aliingiza dawa siku hiyo?"

"Mimi," alisema Baba.

"Uliandika mbili?"

"Sikumbuki kuandika mbili. Lakini zamani, kabla ya mashine, nilikuwa nasoma kila lebo kwa sauti mbele ya mgonjwa. Nilipoona mashine haikosei, nikaacha. Ningesoma, ningeiona. Hilo siwezi kulikana."

Mkaguzi aliandika. Mkato, aliyekuwa njiani kwenda shule, alisimama mlangoni na kumsikia akisoma alichoandika, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya viti na meza: "Kosa moja. Mgonjwa mmoja. Mfamasia abaki nyumbani mpaka atakapoitwa."

Mgonjwa mmoja. Maneno hayo yalimfuata darasani, yakakaa naye dawati moja. Alijua kwa nini kumi zote zilitoka nne, na kosa lilikotoka alikuwa akilijua tangu alipoishika lebo ile, isipokuwa hakutaka kujua.

Jumamosi mchana zahanati ilikuwa tupu. Shangazi alikuwa hospitali kubwa kumwona fundi. Mkato alijua funguo zilipokaa. Aliiwasha kompyuta, ikakohoa, akasubiri. Akaita jina la fundi: 4. Akamwita mgonjwa wa majaribio mwenye "nusu": 2, kama ilivyotakiwa. Kisha akamwita fundi tena.

Vidonge: 2 kwa siku.

Akapitisha mgonjwa mwingine wa "nusu". Akamwita fundi mara ya tatu.

Vidonge: 1 kwa siku.

Ubao ulikuwa mmoja. Kila asubuhi kompyuta ilipowashwa, maneno yaliandikwa upya, yakawa sahihi. Ndiyo maana mkaguzi hakuona kitu. Lakini mara tu mgonjwa wa kwanza wa figo alipopita dirishani, mstari wa Mkato ulifuta nne ya watu wote na kuweka mbili. Akipita wa pili, mbili ikawa moja. Kila mtu wa vidonge vinne aliyefuata, awe wa moyo, awe wa kifafa, alipewa karatasi iliyomwambia ameze kidogo. Kwa wiki tatu.

Alizima kompyuta, akaiwasha. Nne. Ushahidi ulikuwa umejifuta wenyewe.

Akakaa, mikono mapajani. Kisha akafungua msimbo, akaufuta ule mstari mmoja, akaandika ile njia ndefu. Alipima urefu, akaomba nafasi, akahakikisha, akanakili, akabadili nakala, akarudisha, akarekebisha hesabu. Ilimchukua dakika kumi. Dakika kumi tu. Alijaribu kwa wagonjwa sita wa "nusu" mfululizo, akamwita fundi, ikatoka nne. Kuanzia Jumatatu hakuna lebo ambayo ingekosea, na hakuna binadamu ambaye angejua.

Programu ilikuwa imepona. Vichupa vilivyokwisha kwenda majumbani mwa watu vilikuwa havijapona.

Siku hiyo Mkato alirudi nyumbani kwa barabara kubwa. Hakuwa na haraka ya kufika.

*

Baba alikuwa uani, anafua koti lake jeupe, ingawa hakuwa na kazi ya kulivalia. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amerudi kutoka hospitali. Plasta yake ilikuwa imetolewa juzi, na alikuwa akiukunja na kuukunjua mkono.

"Madaktari wanasema mkono utabaki," alikuwa anamwambia kaka yake. "Vidole viwili havina hakika."

"Baba," alisema Mkato. "Si wewe."

"Si mimi nini, mwanangu?"

"Uliyekosea si wewe. Ni mimi. Na si mgonjwa mmoja."

Alieleza. Alifikiri angelia katikati, lakini maneno yalitoka makavu, moja baada ya jingine. Alipomaliza, maji ya koti yalikuwa yanadondoka kutoka mikononi mwa baba yake.

"Nilikuuliza," shangazi alisema taratibu.

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

"Nilisema ndiyo."

Shangazi aliinuka. Mkato alijikunyata, lakini shangazi alikuwa anatafuta viatu. "Kaka, daftari la kutolea dawa linaonyesha nani alitangulia nani kila siku?"

"Linaonyesha."

"Twende. Acha hilo koti."

Walikaa kwenye chumba cha kompyuta alasiri yote. Baba alisoma daftari, siku baada ya siku; hakuna siku iliyokuwa na wagonjwa wa "nusu" zaidi ya wawili, na wote walikuwa wa vidonge vinne. Kila alipofika kwenye mgonjwa wa kwanza wa "nusu", shangazi alisema, "Kuanzia hapo," na Mkato akaandika majina ya wote wa vidonge vinne waliofuata siku hiyo. Hakuna aliyemfokea. Ingekuwa nafuu kama wangemfokea. Jua lilipokuwa linashuka walikuwa na majina thelathini na manane, mbali na la fundi.

Baba alimpigia simu mkaguzi. Wakati anasubiri apokee alimwambia binti yake, "Kesho tutakwenda nyumba kwa nyumba. Mimi nitabeba lebo mpya. Wewe utasema."

Na alisema. Kila mlango maneno yalikuwa yale yale: lebo ya dawa yako ina kosa, na kosa ni langu. Mama mmoja alimshukuru na kumkaribisha maji, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Mzee wa moyo, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kuvaa viatu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Baba. "Kwa hiyo siku hizi tunatibiwa na watoto wa shule? Basi mwite na wa chekechea aje anipime presha." Baba aliinamisha kichwa, na mzee alipelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Mwanamke mwingine alichukua lebo mpya kupitia upenyo wa mlango, akaufunga.

Kufikia Jumatano walikuwa wamewapata thelathini na saba. Wa thelathini na nane alikuwa dereva wa lori aliyehama chumba chake bila kumwambia mtu anakokwenda. Walipiga simu yake, ikawa imezimwa. Walimwachia ujumbe mwenye nyumba, na kwenye kituo cha malori, na kwa kila dereva aliyekubali kusikiliza. Jina lake lilibaki kwenye karatasi, halijapigwa mstari.

Waliporudi kutoka kituo cha malori, shangazi alisimama kando ya barabara.

"Nikuambie kitu, na sitakirudia," alisema. "Kuandika juu ya kifurushi kilichoazimwa ni kosa la mwanafunzi. Mimi nimelifanya, tena nikiwa na umri mkubwa kuliko wako, nikaunguza kazi ya wiki nzima. Kwa kosa hilo singekulaumu. Lakini nilikuuliza swali, na swali lile lilikuwa kizuizi cha mwisho kati ya mstari wako na mkono wa yule mama. Ungesema bado, ningekwambia rudi, ungepoteza dakika kumi. Kilichomwunguza si tarakimu. Ni ile ndiyo."

Mkato aliitikia kwa kichwa.

"Na mimi nina sehemu yangu," shangazi aliendelea. "Nilikuuliza nikiwa nimekupa kisogo. Nilitaka kusikia ndiyo, kwa sababu mkono uliniuma na ningefurahi kazi iishe. Anayeuliza bila kutazama amejirahisishia tu. Nimemwambia mkaguzi hivyo hivyo. Kuanzia sasa hakuna kitu kitakachoingia kwenye mashine ile kabla mtu wa pili hajakisoma kwa macho yake, kiwe changu au cha nani."

Baba alirudishwa kazini baada ya wiki tatu, akiwa na barua ya onyo. Foleni kwenye dirisha lake sasa inakwenda polepole na watu wananung'unika, kwa sababu kila lebo anaisoma kwa sauti, halafu anamwomba mgonjwa aisome na yeye. Anayesema hajui kusoma anasomewa mara mbili.

*

Fundi alirudi nyumbani baada ya mwezi na nusu. Mkato alikwenda kumwona kwa kupitia mlango wa mbele, akabisha hodi, akasubiri aitwe. Alisema alichokuwa amesema kwenye milango thelathini na saba, ila hapa sauti ilimkatika.

Fundi alimwacha alie kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, ngozi yake mpya imevutika na kung'aa, vidole viwili vimekunjamana kama vimeshika kitu kisichoonekana. Ukuta ulikuwa umepanguswa. Mistari sabini na mmoja haikuwepo. Ulikuwepo mmoja, umepinda, umechorwa kwa mkono wa kushoto.

"Usilie juu ya kitambaa cha mteja," hatimaye alisema. "Kinaacha alama."

Mkato akasogea.

"Sitakudanganya kwamba sina hasira. Ninayo, na nitakaa nayo. Hivi vidole nimekula navyo chakula changu miaka ishirini. Lakini baba yako ameniambia ulikwisha kuitengeneza mashine, ungeweza kunyamaza, lakini hukunyamaza. Hilo nalo nimelisikia." Alisukuma boksi la sindano kwa kiwiko. "Siwezi tena kupitisha uzi tunduni. Kila siku ukitoka shule utakuja kunipitishia. Na kukata. Mpaka mimi niseme basi."

Kwa hiyo Mkato alikuja kila siku, kwa mlango wa mbele. Alipitisha nyuzi, akajifunza kutandaza kitambaa mezani na kukishika kwa vipande vya chuma kisiteleze. Siku nyingine fundi hakusema naye zaidi ya maneno matatu. Siku nyingine alimsimulia habari za wateja mpaka mtoto akashika mbavu, kisha katikati ya kicheko aliangalia ule mkono, kicheko kikamwisha.

Katika mwezi wa nne wa kazi hiyo, ukutani kulikuwa na mistari mitano. Alasiri hiyo kitambaa cha bibi harusi kilikuwa kimetandazwa mezani, cheupe, kimoja tu, kisichopatikana tena dukani. Mkato alikuwa ameshika mkasi. Alikwisha kukipima upande mmoja, na ule wa pili kwa macho ulionekana sawa kabisa. Nje wenzake walikuwa wanapita, mmoja akapiga mluzi.

"Umepima pande zote mbili?" fundi aliuliza.

Ile ndiyo ilikuja yenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi, nyepesi, tayari kutoka. Mkato alitazama juu. Fundi hakuwa amempa kisogo. Alikuwa ameacha kila kitu, anamwangalia machoni, anasubiri.

"Bado," alisema Mkato.

Fundi akamsogezea futi ya kupimia kwa mkono wake wa kushoto.